Tulipoondoa jina, kaka yangu akatokea

Wakuu, nawasalimu popote mlipo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijayatia chumvi. Mwenye kubisha abishe, ila asome kwanza mpaka chini.

Ni Bujumbura, miaka ya mwisho ya vita. Tuliishi Buyenzi, mama anauza vitenge, mimi nasoma chuo kule Mutanga Sud.

Kaka yangu Saidi yeye aliishi mtaa wa Gasenyi, na hapo hapo alikuwa mekaniki. Siku moja, vita vikiwa bado vibichi, watu wenye bunduki wakafika pale gereji wakimuulizia kwa jina. Akatoroka kwa mlango wa nyuma. Tangu hapo kimya, miaka na miaka.

Sasa kulikuwa na tovuti ya Warundi wa ughaibuni. Wakimbizi waliwekewa picha humo, na kila picha ilikuwa na tag zake: mtaa aliotoka, kazi yake, jina, anachopenda.

Mwanzoni ulibonyeza tag moja tu. Ukigusa "Gasenyi" unamwagiwa nyuso zisizo na mwisho. Nilizitazama hadi nikawa nikifumba macho bado zinapita, polepole, kama mawingu juu ya Tanganyika.

Halafu wakaibadilisha. Unachagua tag kadhaa kwa mpigo, zinabaki picha zenye tag hizo zote.

Nikampeleka mama cyber, mjini. Mvua inanyesha, madirisha yameingia ukungu, mji wote nje umekuwa kama umechorwa kwa maji. (Vita vilikuwepo, wakuu, lakini mchana ule sikuvisikia kabisa.)

Nikachagua: Gasenyi. Mekaniki. Gitaa, maana alikuwa halali bila kulipapasa. Saidi.

Sifuri.

"Inasema nini?" mama akauliza.

"Inasema apana mutu, mama."

Mimi nimeshashika mkoba, tuondoke.

"Toa jina."

"Mama, jina ndiyo ya kwanza! Tukitoa, tutatafuta nani?"

"Walimutafuta na hiyo jina. We ungeendelea kuibeba?"

Nikaondoa.

Ikabaki picha moja.

Mnakumbuka mtandao wa zamani? Picha ilishuka kidogo kidogo kutoka juu. Kofia. Paji la uso. Nyusi. Macho hayajafika bado, mama akaweka kidole kwenye kioo.

"Ni yeye."

"Mama, ngoja imalize."

"Mi nilimuzaa! Ningoje nini?"

Macho yakashuka. Yalikuwa ya Saidi. Chini pameandikwa Yusufu, kambi fulani Tanzania.

Nilisikia kama kiti kinaelea. Mama akawa anasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, anapangusa kioo kwa kitenge chake kana kwamba mtoto ana vumbi usoni.

Tuliwaandikia wenye tovuti. Jibu la kaka lilipofika lilikuwa swali moja: "Mama angali muzima?"

Alirudi amani ilipotulia. Leo anakaa Kinanira na mke na watoto. Makaratasi yake yote yanasema Yusufu. Mama anamwita Saidi ndani ya nyumba tu, na mpaka leo hufunga mlango kwanza.

Nilichojifunza: ukichuja ukapata sifuri, usiondoke. Ondoa kile ulichokuwa na uhakika nacho kuliko vyote, kisha utazame tena.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani alishampata mtu wake kwa njia ambayo hakuitegemea? Andikeni hapa chini, nasoma zote.