Bibi Aliyetafsiri Hotuba Yangu

Kufundisha chekechea sikuomba. Nilikuwa mwalimu wa hesabu wa darasa la sita pale Kibiti, msichana wa kutoka bara, mwaka wa tatu kazini, na nilijulikana kwa ukali wa kusahihisha. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia kijiji kimeamua kuanzisha darasa la watoto wadogo, na mwalimu wake ni mimi.

"Kwa nini mimi?" nikauliza.

"Wewe ni mwanamke," akasema, "na bado huna mtoto. Muda unao."

Nilitoka ofisini nimekasirika, na sehemu kubwa ya mwaka ule niliipitisha katika hali hiyohiyo.

Darasa tulilopewa lilikuwa ghala la zamani la chama cha ushirika, mahali ambapo korosho zilikuwa zikirundikwa kabla chama hakijafa. Mwenyekiti wa kijiji alinihakikishia mwenyewe kwamba ghala ni tupu na limeshafagiliwa. Jumatatu ya kufungua nilifika saa moja asubuhi na ufagio wangu, boksi la chaki, na hotuba ya kurasa mbili niliyokuwa nimeiandika Jumapili nzima. Mlangoni nikakuta kufuli jipya, kubwa kama ngumi yangu. Nilichungulia dirishani. Ndani kulikuwa na marobota ya mitumba kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi za paa. Ilikuwa enzi za ruksa, serikali imeachia watu wafanye biashara. Kila siku unasikia fulani kaanza biashara, na aliyeanza biashara anatafuta pa kuweka mzigo.

Nilimfuata mwenyekiti nyumbani kwake. Alikuwa anakunywa chai.

"Mfanyabiashara mmoja kaweka mzigo kwa muda tu, mwalimu," akasema.

"Ufunguo uko wapi?"

"Anao mwenyewe."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Dar."

"Anarudi lini?"

Alifikiri kidogo. "Akirudi," akasema, akanikaribisha chai.

Basi wazazi nikawapokea kwenye kibaraza cha ghala. Tangazo lilisema saa mbili. Saa mbili alikuwepo mama mmoja na mtoto wake amelala begani. Saa tatu wakawa wanne. Kufika saa nne ndipo walipomiminika, wanawake kwa kanga zao, wanaume wachache wakisimama pembeni kama watu wapitao tu, na watoto wakining'inia kwenye mikono ya wakubwa wao na kulia. Wengi walitoka mashamba ya pembezoni, wametembea tangu alfajiri, kwa hiyo hata kuwagombeza kwa kuchelewa sikuweza. Hilo nalo liliniudhi.

Nilifungua karatasi yangu. "Wazazi, nawakaribisha katika mwaka mpya wa chekechea. Nina mambo manne ya kuwaambia. La kwanza..."

"Mwanangu, hujambo?"

Sauti ilitoka mbele kabisa. Alikuwa bibi mmoja mwembamba, ameketi kwenye mkeka wake mwenyewe aliokuja nao, na mapajani amempakata kitoto cha kike.

"Sijambo," nikasema.

"Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

"Na kwenu huko bara, hawajambo?"

"Hawajambo, bibi."

"Haya. Na sisi hatujambo, ingawa hukutuuliza. Endelea."

Watu walicheka. Nikaona uso unanichoma. Miaka mitatu nilikuwa nimekaa pwani na bado nilikuwa naanza mazungumzo kama mtu anayesoma barua ya serikali. Nikakunja karatasi, nikasema shikamooni, wakaitikia wote kwa pamoja, nikakunjua tena.

Sikumaliza hata jambo la kwanza. Bibi akainua mkono.

"Hawa wenzangu wa mashambani, Kiswahili chako hicho hakiwaingii," akasema. "Sema kidogo, uniachie niwaambie kwa Kindengereko."

Nilikubali kwa sababu sikuona njia ya kukataa. Nikasema watoto waje wameoga. Akazungumza kwa muda mrefu sana, akionyesha kwa mikono, na wanawake wakacheka mpaka wakafunika midomo kwa kanga.

"Umewaambia nini, bibi?"

"Hayohayo uliyosema."

Nikasema kila mtoto aje na kikombe chake cha uji. Akazungumza, wakaangaliana. Nikasema watoto watafundishwa kusoma, kuandika na kuimba. Hapo alizungumza zaidi ya mahali pengine popote, na nikaona wale wanaume waliosimama pembeni wanasogea. La mwisho ndilo nililolitilia mkazo. Walimu wenzangu walikuwa wamenionya: wazazi wanaandikisha watoto mwezi wa kwanza, ikifika masika wanahamia bondeni kwenye mpunga, wengine wanakwenda mbali hadi Salale kwa mtumbwi, na hawaonekani mpaka wavune. Darasa linabaki na watoto wa watumishi na wa wenye maduka. Kwa hiyo nilisema, tena mara mbili na kwa sauti ya darasa la sita, kwamba mtoto atakayeondolewa kwenda shambani jina lake litafutwa na nafasi yake atapewa mwingine.

Bibi alinitazama. Kisha akawageukia wenzake, akasema polepole. Walitikisa vichwa kwa kukubali. Mama mmoja alinyoosha mikono akaniombea dua. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza asubuhi ile, nikasema moyoni kwamba watu hawa ukiwaeleza kwa uthabiti wanaelewa.

Ikaja kazi ya kuandikisha. Vyeti vya kuzaliwa hakuna aliyekuwa navyo, kwa hiyo tulitumia kipimo cha siku zote: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Akilishika, umri umetimia. Mjukuu wa bibi alipitisha mkono, vidole vikaishia kwenye nywele.

"Bado mdogo," nikasema.

"Si mdogo. Kichwa chake kikubwa."

"Alizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka wa mafuriko."

"Mafuriko yapi, bibi? Huku kila baada ya muda kuna mafuriko."

"Yale makubwa."

"Bibi, mlete mwaka kesho."

"Sawa," akasema, akakunja mkeka.

Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika. Alitandika mkeka nyuma ya watoto wote, mjukuu kando yake, akatoa ukili akaanza kusuka. Nilimwambia mtoto hajaandikishwa. Akasema anajua, wamekuja kupumzika tu. Kibaraza si darasa, ningemfukuza kwa sheria ipi? Walipumzika hivyo kila siku.

Wiki tatu nilifundisha kibarazani, kwa ubao ulioegemezwa ukutani, mbuzi wakipita kati yetu. Mwenye mitumba aliporudi alitoa nusu ya mzigo, nusu nyingine akaiacha. Tukahamia ndani, watoto wakawa wanapanda marobota na kuteleza. Bibi naye akahamia ndani. Nilipouliza swali na mtoto akanyamaza, alijibu yeye. Nilipomkanya mtoto kwa Kiswahili, alimkanya tena kwa Kindengereko, na kila mara onyo lake lilizaa matunda kuliko langu. Mimi nikiwaambia kaeni, wanasimama. Yeye akisema neno moja bila kuinua macho kwenye ukili wake, wanakaa. Sitasema nilimshukuru. Nilikuwa narudi nyumbani meno yananiuma kwa kuyakaza.

Mwezi wa tatu ulipofika, asubuhi moja alikuja baba wa mmoja wa wanafunzi wangu, mwanamume mpole mwenye shamba upande wa barabara ya Mtunda. Alikuwa na mkungu wa ndizi begani. Akautua mbele yangu.

"Mwalimu, nimekuja kukuaga. Kesho tunashuka bondeni, tunampeleka na mtoto."

"Mzee wangu, siku ya kwanza nilisema nini?"

"Ulisema utatutunzia nafasi," akasema. "Ulisema unajua mpunga haujichungi wenyewe, na mtoto hawezi kuachwa peke yake nyumbani, kwa hiyo twende, tukirudi tutakuta jina lake lipo. Mama watoto alisema huyu mwalimu wa bara ana huruma."

Akausogeza mkungu karibu na miguu yangu.

"Na lile la kwamba hutawafundisha watoto mambo ya kanisani, wala hutawazuia kwenda madrasa jioni, lile ndilo lililotufanya wengi tuandikishe. Mimi nilikuwa nimekuja kusikiliza tu, halafu niondoke."

Nilimshukuru kwa ndizi. Alipoondoka nilikwenda moja kwa moja nyuma ya darasa.

"Bibi, umenisemea maneno ambayo sikuyasema."

Aliendelea kusuka. "Maneno yapi?"

"Ya kanisa. Nani alizungumzia kanisa?"

"Hukuzungumzia. Ulisema utawafundisha kuimba, ukanyamaza. Kila mtu pale alikuwa anajiuliza ni nyimbo gani. Wewe hukujua wanajiuliza. Mimi nilijua. Au ulikuwa na nia ya kuwafundisha za kanisani?"

"Hapana."

"Basi sikudanganya."

"Na majina? Nilisema majina yatafutwa. Nilisema mara mbili."

"Nilisikia, mwanangu, sikio langu zima. Ningewaambia hivyo, kesho yake ungekuja kufundisha kibaraza kitupu."

"Kuamua hilo si kazi yako."

Hapo aliweka ukili chini. "Si kazi yangu, kweli," akasema. "Waite wazazi. Waambie bibi ni mwongo na majina yanafutwa. Nitakuja, nitakaa palepale mbele, na nitatafsiri neno kwa neno."

Najua angefanya hivyo. Kutwa nzima nilikuwa naandika kichwani tangazo la mkutano. Hasira yangu haikuwa kwa uongo peke yake. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wale nikidhani nawakaribisha, na kumbe aliyewakaribisha alikuwa mtu mwingine, kwa maneno mengine, na wao walikuja kwa ajili ya maneno yale. Nikimtoa yeye na hotuba yake, nabaki na watoto wa watumishi na marobota ya mitumba.

Mkutano sikuuitisha. Wiki ile darasa lilipungua kila siku, na Ijumaa bibi mwenyewe aliniaga. Naye alikuwa na kipande chake cha mpunga. Alimshika mjukuu mkono, akaniambia nisiwafokee sana waliobaki, kwa sababu nikifoka Kiswahili changu kinazidi kuwa kigumu. Nikamwambia aende salama.

Miezi ile ilikuwa kimya na sikuipenda. Watoto waliobaki walielewa kila nilichosema, walikaa nilipowaambia wakae, na mimi nilikuwa nakatisha sentensi katikati nikisubiri mtu anidakie.

Baada ya mavuno wakaanza kurudi. Hawakurudi wote, wengine walibakia bondeni, na mmoja niliambiwa amepelekwa kwa shangazi yake Dar. Lakini waliorudi waliingia darasani wakakaa mahali pao pa zamani bila kuuliza chochote, weusi kwa jua. Bibi alirudi mwishoni kabisa, amekonda. Alitandika mkeka. Siku hiyohiyo nilimwandikisha mjukuu wake bila kumpima.

Mwalimu mkuu aliona mahudhurio mwisho wa mwezi. Aliniita, kitabu kiko wazi mezani.

"Hawa hawakuwepo tangu mwezi wa tatu," akasema, akipitisha kidole kwenye mstari mrefu wa misalaba. "Utaratibu ni kuwafuta. Mbona majina yapo?"

"Niliwaahidi nitawatunzia nafasi."

"Uliwaahidi nani?"

"Wazazi wao. Siku ya kufungua."

"Kwa idhini ya nani?"

Nilisema ni kwa idhini yangu, na nilipojisikia nikisema hivyo nikaona kwamba sasa ndiyo kweli. Alinitazama kama mtu anayejuta kumpa kazi mtu asiye na mtoto. Kisha akakifunga kitabu, akakisukuma upande wangu.

"Mkaguzi akija utamweleza mwenyewe," akasema.

Nikamwambia nitamweleza. Nilirudi darasani, nikakuta vikombe viwili vimepotea, uji umemwagika mkekani, na watoto wanne wako juu ya marobota wakisubiri kuteleza.