Mfereji Nyuma ya Kwetu

Sina subira, na majirani zangu wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben wanalijua hilo. Siku kiwanda cha nguo ninachofanyia kazi kilipokubali maji yake yaliyosafishwa yaelekezwe kwenye kinamasi cha nyuma ya kwetu, nilikimbia hadi nyumbani na gambuti miguuni.

Zamani kinamasi kile kilijaa mafunjo na vyura, na mamangu alikipenda. Kisha maji machafu yakamwagwa humo miaka nenda miaka rudi, udongo ukashika chumvi, ukabaki ukoko mweupe usiootesha hata magugu. Nikamweleza Mama mpango wetu na kiwanda: maji safi yataingia, yataosha chumvi, yatatoka kwa mfereji kurudi kiwandani kusafishwa tena. Tutarudia hivyo hivyo.

“Nakupa hadi mvua iishe,” akasema. “Isipoota kitu naita lori ya kifusi, tujenge nyumba za mabati.”

Wiki zikapita, ukoko ukazidi. Nilikuwa karibu kulia. Asubuhi moja nikarudi kuchukua simu niliyosahau, nikamkuta Mama akishindilia matope kwenye mdomo wa mfereji. Kwao Murang'a nduma, yale majimbi, hulimwa hivyo: unaziba, maji yanatuama, nduma zinanenepa. Kumbe kila nikienda kazini alikuwa akiziba, ati ananisaidia.

“Mathe, unafungia chumvi ndani.”

“Maji mzuri hivi, unataka iende bure?”

Nilicheka hadi nikakaa matopeni. Nikamwonyesha ukingoni: jua hunyonya maji, chumvi ikabaki palepale. Akachukua jembe, akazibua mwenyewe.

“Lakini lori nishaita,” akasema. “Inakuja mwisho wa mwezi.”

Maji yakaingia, yakatoka. Kila asubuhi nilikwenda kuchungulia kabla hata ya chai. Siku ya lori yenyewe nikaviona, vichipukizi vyembamba vya mafunjo kando ya mfereji. Furaha ilinipanda kichwani, nikapiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna moto.

Mama alikuja na leso yake, akainama, akavigusa kwa kidole. Lori lilikuwa tayari linarudi kinyumenyume. Akaenda akasimama nyuma yake, jembe begani.

“Rudisha hiyo kifusi,” akamwambia dereva. “Hapa kumeota.”

“Kumeota nini, mathe? Mimi sioni kitu.”

“Shuka uone. Na usikanyage mfereji.”