Mashine Isiyogusa Ubao

Hiki ninachokuandikia hutakiamini, wala sikulaumu. Hata mimi, kabla sijakiona kwa macho haya mazima, nilikijua kwa pua.

Mpwa wangu wa kike namwita Msumari, kwa sababu ni mwembamba na ukimgonga ndiyo kwanza anazidi kukita. Ni seremala. Karakana yake ni chumba cha uani kilichokuwa jiko. Randa zinaning'inia pale zilipokaa sufuria, na vumbi la mbao limemkaa mpaka kwenye nyusi. Aliyemfundisha kushika msumeno ni mimi. Akikataa, usimsikilize.

Mashine yake ya msumeno wa mkanda, ile yenye utepe wa meno unaozunguka juu ya magurudumu mawili, ilikufa wakati mbaya. Marehemu dada yangu, yaani mama yake, aliacha kitanda, na ubao wa kichwani Msumari na dada yake waliugombea mpaka wakawa wanasalimiana kwa kidevu. Msumari akatoa ahadi: ataupasua kwa unene, zitoke mbao mbili nyembamba, kila mtu na wake. Meno yakiyumba katikati, ubao umekwenda, na undugu nao.

Basi tukaenda kuchagua mashine mpya. Karaha tupu! Duka la kwanza, mashine zinang'aa kama viatu vya bwana harusi, lakini ukiligusa gurudumu linacheza kama jino la babu. Duka la pili, muuzaji alikuwa anakula juu ya meza ya mashine. Akajifuta mdomo kwa kiganja, kisha akatunyooshea kiganja kilekile. Nikamsalimia kwa mbali.

La tatu lilikuwa nyuma ya gereji. Palikuwa na mashine moja nzito, ya chuma kitupu, rangi yake ya kijani bado inanata.

"Mpya hii?" Msumari akauliza.

"Dada yangu, nakuapia, haijawahi kugusa ubao hata mmoja!" muuzaji akajibu.

Nikaipiga kofi mgongoni kama mnunuzi wa ng'ombe, nikamkonyeza mpwa wangu: mjomba wako nimeshachagua. Ikawashwa, ikalia bila kutetemeka. Msumari akatoa mkobani kipande cha mbao alichokuja nacho, akakipasua. Ule mstari ulivyonyooka, mate yalinijaa.

Kisha mate yakageuka. Mashine ilipopata moto, ukapanda uvundo wa mafuta ya nyama yaliyochacha, mzito, unaokushika kooni.

"Mjomba, umevua viatu?"

"Viatu vyangu vinanukia, mshenzi wewe!"

Akazima, akachomoa waya, akafungua kifuniko cha chini. Gurudumu lilikuwa limevaa uji wa kijivu ulioganda, una chenga za mifupa na nywele. Mdudu mmoja mweupe akainua kichwa, akatutazama kama mwenye nyumba aliyegongewa mlango alfajiri.

"Hii ilikuwa buchani!" Msumari akasema.

Muuzaji hata kope haikumcheza. "Kwani nilisema uongo, dada? Ubao imegusa wapi?"

Mimi nilitoka nje. Nilichofanya huko ni siri yangu na ukuta wa gereji.

Niliporudi, Msumari alikuwa amepiga magoti, analisukuma gurudumu kwa kidole kimoja.

"Mjomba, halichezi hata kidogo."

"Mwanangu, kitanda cha mama yako ukipasue kwa mashine ya matumbo?"

"Mafuta yanaoshwa. Ubao ukipinda, nitauosha kwa nini?" Akamgeukia muuzaji. "Kwangua wewe kwanza, kwa mkono wako. Ndipo tuzungumze."

Akakwangua, uso ameukunja kama soksi ya juzi. Mimi nikasimamia. "Na pale pembeni, kaka. Usiuache mfupa wa watu."

Nyumbani Msumari aliisugua kwa maji ya moto, sabuni na mafuta ya taa, akafunga mkanda mpya wa meno, akapasua mabaki ya mbao mpaka vumbi likanuka mti. Dada yake akaja, akasimama mlangoni ameziba pua kwa mtandio. Ubao wa mama yao ukaingia polepole. Hakuna aliyepumua, mimi kwa sababu zangu. Zikatoka mbao mbili zimenyooka, zikafunguka kama kitabu, mistari ya mti inatazamana. Yule dada akaiachia pua yake.

"Nichagulie wewe," akamwambia mdogo wake.

Mimi hadi leo mashine ile naipitia mbali. Na humo ndani sikukueleza sawasawa: hakuwa mdudu mmoja, lilikuwa jeshi, na kwato, na pembe, na ulimi mzima wa ng'ombe uliokuwa bado una—

"Mjomba!" Ni Msumari, kumbe ameniinamia begani anasoma. "Ulimi gani tena? Nilipofungua kifuniko wewe si ulikuwa nje zamani, umekumbatia ukuta? Hata huyo mdudu mmoja nilikusimulia mimi, na—"