Barabara Tuliyoishukuru

Mwanangu, kuna siku moja ambayo nikiikumbuka bado nasimama kidogo, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Nilikuwa kijana, ninaishi Igoma, na barabara iliyokatiza mtaa wetu ilikuwa karibu kujengwa upya.

Mkutano uliitishwa Jumamosi asubuhi, kanisani kwetu, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine penye mabenchi ya kutosha. Mhandisi alikuja na mchoro mkubwa, akaubandika mbele. Alikuwa kijana mpole. Alituamkia vizuri, "Shikamooni wazee," akatueleza habari za lami na za mitaro ya maji ya mvua. Kisha akaomba kila mmoja aseme anachotaka.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Mle ndani hakuna aliyekuja na gari isipokuwa mhandisi mwenyewe. Sisi wengine tulikuja kwa miguu, na wenye baiskeli walikuwa wameziegemeza nje hadi ukuta wa kanisa ukawa hauonekani. Lakini mwenyekiti wa mtaa alisimama akashukuru. Mzee mmoja wa kwaya akasimama, naye akashukuru. Majura, fundi cherehani, ambaye suruali yake ilikuwa na grisi ya mnyororo wa baiskeli, akauliza kama patakuwa na maegesho ya magari.

"Magari ya nani, Majura?" mtu alimuuliza kutoka nyuma.

"Ya wateja wangu watakaokuja."

"Basi anza na wa baiskeli, suruali yangu ina mwezi kwako."

Watu wakacheka, na mhandisi akaandika habari ya maegesho. Akauliza kama kuna lingine. Kimya. Akauliza kama tumeridhika. Tukasema tumeridhika. Mimi nikaitwa nifunge kwa sala, kwa kuwa nilikuwa nimetoka tu kwenye mafunzo ya ukatekista, na nikasali kwa urefu. Nilimshukuru Mungu kwa lami, kwa mchoro, kwa mikono ya watakaochimba. Tukiwa tumefumba macho, kengele ya baiskeli ikavuka barabara, ikapita nje na kupotelea upande wa soko. Tukasema amina.

Barabara ikajengwa, nayo ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Lakini kati ya nyumba zetu na lami ulipita mtaro wa mawe, wa kina cha kumfika mtu kifuani. Mbele ya sheli ya mafuta uliwekewa zege ili magari yaingie, na mbele ya maduka hivyo hivyo. Upande wetu wa nyumba uliachwa wazi. Vijana waliruka. Wengine wetu tulishuka na kupanda kama mbuzi, huku tumevaa nguo za kanisani.

Mama yangu mkubwa, Nyabwire, hakuweza kuruka. Alikuwa mjane, anauza dagaa, na alikuwa na baiskeli ambayo hakuwahi kuipanda hata siku moja. Aliikokota tu, gunia la dagaa limefungwa kwenye keria, akipiga kengele watu wampishe. Kila asubuhi alianzia misani, baiskeli ikimsubiri mlangoni na harufu yake, ndipo aende sokoni. Soko ndilo lililomlisha. Misa ndiyo iliyomwinua kitandani tangu alipofiwa na mume wake. Na vyote viwili vilikuwa ng'ambo ya barabara.

Njia pekee ya kuivusha ile baiskeli ilikuwa kuzunguka mpaka sheli, akitembea juu ya lami pamoja na malori. Alijaribu. Lori moja lilimpigia honi kwa nyuma, akashtuka, baiskeli ikalala na gunia likamwagika mtaroni. Alirudi nyumbani, na baada ya siku hiyo hakuonekana tena, misani wala sokoni.

Nikamwendea. Nilimkuta amekaa mlangoni, baiskeli imefunikwa turubai kama kitu cha marehemu.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, katekista."

"Mbona hatukuoni kanisani?"

"Zamani nikisikia watu wameenda ng'ambo, nilijua ni Ulaya. Siku hizi hata kanisa liko ng'ambo."

Sikujua nicheke au ninyamaze. Nikamwambia yale niliyokuwa ninayaamini, kwamba tuwe na subira, tuwe na shukrani, wengine hawajaletewa hata hiyo lami. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Siku ile ya mkutano, wewe ndiye uliyesali?"

"Ndiyo, mimi."

"Ile kengele iliyopita nje ilikuwa yangu. Nilisikia sauti yako. Uliomba nini?"

"Nilishukuru."

"Najua ulishukuru. Uliomba nini?"

Nikaligeukia lile turubai la baiskeli. Akasema, "Baba Yetu unaifundisha watoto. Humo ndani tunaomba hata mkate, na tunamwomba Mungu ambaye anajua tuna njaa. Yeye anayejua, unamwomba. Yule kijana wa barabara asiyejua kwamba Nyabwire anapita pale na dagaa, ukamnyamazia. Hiyo dini nani alikufundisha?"

Nilijitetea. Nilimwambia mhandisi alikuwa na macho, na baiskeli zilijaa ukutani.

"Aliziona zimesimama," akasema. "Hakuziona zinapita. Na ninyi aliwaona mmekaa."

Mwanangu, niliondoka pale kichwa kimejaa mawazo. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kuomba baada ya kupewa ni utovu wa shukrani. Na huyu mama, ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika hata siku ya msiba wake, alikuwa ananiambia kwamba kimya changu ndicho chenye kasoro. Sikujua niweke wapi yale niliyojifunza.

Kesho yake tulimfuata mhandisi, maana walikuwa bado wanamalizia upande wa juu. Mama mkubwa alikuja na baiskeli yake, na ilibidi tuibebe watu wawili kuivusha. Mhandisi aliipokea habari yetu kwa mshangao kabisa.

"Lakini niliwauliza," akasema. "Mlisema mmeridhika. Nikajua mna njia yenu nyingine." Akamgeukia mama mkubwa. "Sasa mama, ili niandike vizuri, wewe ni mwendesha baiskeli au mwenda kwa miguu?"

"Mimi ni muuza dagaa."

Akabaki ameshika kalamu. Hakuwa mtu mbaya, na sisi hatukuwa wabaya. Tulisimama watatu kando ya ule mtaro, kila mmoja akimtazama mwenzake kana kwamba yeye ndiye mwenye jibu.

Haikupita muda mrefu, pakawekwa kivuko cha zege. Kilikuwa chembamba. Baiskeli ilipita, gunia halikupita, kwa hiyo ilimlazimu mama mkubwa kufungua mzigo, kuvusha, na kufunga tena. Siku ya kwanza alivuka, akamshika mhandisi mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana, mwanangu. Mungu akubariki. Sasa kiongezee upana."

Upana haukuongezwa wakati wake. Lakini alirudi misani, na harufu ya dagaa ikarudi mlangoni.

Nimezeeka, ninaishi Buswelu sasa, na nasikia barabara yetu hapa nayo itapimwa na mkutano utaitishwa. Bado sielewi ni kitu gani kilitufanya watu tuliokuja kwa miguu tuisahau miguu yetu tulipokaa kwenye benchi. Pengine ilikuwa aibu. Pengine ilikuwa adabu tuliyoielewa nusu. Nimemwuliza Mungu mara nyingi, naye amenipa subira zaidi kuliko jibu, nami nashukuru.

Ninachokijua nakupa. Nenda kwenye mkutano huo. Ukifika, shukuru, maana shukrani haikosi mahali pake. Kisha sema unapita wapi, na nini, saa ngapi, na mama yako anavukia wapi. Usiseme kwa niaba ya gari ambalo huna. Na kama mkutano umewekwa saa ambayo wakokota baiskeli wako njiani na mizigo yao, omba usogezwe, au wafuate huko huko waliko. Kuuliza waliokaa tu hakutoshi.

Na ukiwa katika sala ukasikia kengele inapita nje, usingoje amina. Fumbua macho, toka, umwite aingie.

Mungu aliyetupa miguu kabla hatujapata barabara akulinde kila unapovuka, wewe na unaovuka nao, na akujalie kinywa chenye shukrani kisichoogopa kuomba.