Keria Niliyoidai Mwenyewe

Nianze na ujinga wangu, kabla hujausikia kwa watu: keria ya baiskeli ya mke wangu niliidai mimi. Muuza duka hakuwa nayo, mke wangu hakuitaka, na baiskeli yenyewe haikutengenezwa kubeba kitu. Nikakomaa pale dukani mpaka ikapatikana, chuma kizito cheusi, kikafungwa nyuma kwa nati, nami nikakibonyeza kwa viganja vyote viwili kuona kama kitahimili mzigo. Kikahimili. Hazikupita wiki nyingi nikawa nimesimama dirishani namtazama mwanaume mwingine amekikalia.

Lakini hapo nimeruka mbele.

Tunakaa Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya tano ya jengo lisilo na lifti, mimi na yeye tu, mtoto bado. Yeye ameajiriwa na kampuni ya kusafirisha mizigo. Ofisi yao iko Barabara ya Zhanqian, kule kwenye maduka makubwa ya nguo za jumla karibu na stesheni ya treni. Mimi nafanya kazi nyumbani. Wafanyabiashara wa Shinyanga na Mwanza wananitumia picha, naagiza kwa simu, mzigo unaletwa mpaka mlangoni, nakagua zipu, nafunga upya, naita gari la kuubeba. Zamani nilikuwa naenda mwenyewe soko la Zhongda kushika kitambaa kwa vidole, na Shiling kwenye mabegi ya ngozi. Siku hizi hata kitambaa nakipigia video. Kutoka nje niliacha bila kuamua kuacha. Wateja wananiita bosi. Mke wangu ananiita mzee wa ndani, na yeye ndiye anayenijua.

Sasa, baiskeli. Tajiri wa kampuni yao ni Mzungu, na inaonekana kwao kuna mtindo ambao aliubeba hadi huku kama watu wanavyobeba viungo vya chai. Kampuni inakununulia baiskeli ya kwendea kazini, halafu inakukata kidogo kidogo kwenye mshahara kabla kodi haijapigwa. Kwa kuwa kodi inakuja kukuta mshahara umeshapungua, nayo inapungua. Mwisho wa makato baiskeli ni yako. Sharti ni kwamba iwe ya kwendea kazini kweli, isiwe pambo la korido.

Hayo nilielezwa na mhasibu wao. Ni mtu wa Mombasa, mwembamba, mashati yamenyooshwa mpaka kwenye kola, na Kiswahili chake kinateleza mpaka unaona aibu kukohoa mbele yake. Mke wangu alimkaribisha chakula Jumapili moja tulipotoka kanisani. Mimi mwenyewe nilihakikisha kuku ametoka bucha la halali. Mimi mwenyewe nilimwongezea wali.

"Sasa serikali haioni kwamba inapunjwa?" nikamuuliza.

"Haipunjwi, kaka. Pesa yapita mlango mwengine tu."

"Na mimi nisiye na mshahara?"

"Wewe, kaka, wanunua dukani kama watu wote."

Mke wangu akacheka. Alicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili, nami kile kicheko nikakiweka pembeni. Hata hivyo tamaa ya kuikwepa kodi kwa njia halali ilinizidi nguvu. Mgeni alipoondoka, ni mimi niliyemwambia, "Chukua. Usiwaze mara mbili." Yeye alikuwa bado anawaza mara ya kwanza.

Siku ya kuchagua nilitoka nje mwenyewe. Ngazini tukakutana na jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Nairobi anayenunua jinzi Zhanqian na kuzituma kwao, ambaye hata akiomba chumvi anaomba kwa sauti ya sokoni.

"Shemeji! Leo umetoka? Kuna moto kwa nyumba ama nini?"

"Tunaenda kununua baiskeli."

"Na nani ataisukuma, wewe?" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Dukani baiskeli zilikuwa nyepesi, nzuri, na tupu nyuma. Mimi ni mtu wa Shinyanga. Kwetu baiskeli bila keria haijamalizika kutengenezwa. Juu ya keria wamepita wagonjwa, magunia, mabati, mbuzi waliofungwa miguu, na mimi mwenyewe nilipelekwa kwenye kipaimara changu juu ya keria, suruali nyeupe imekunjwa hadi magotini isichafuke.

"Meiyou," akasema muuza duka, yaani hakuna. Neno hilo huku wanakupa hata hujamaliza kuuliza.

"Laoban," nikamwita, maana kila mwenye duka hapa ni bosi. Nikachuchumaa nyuma ya baiskeli, nikashika kiuno cha mtu asiyekuwepo, nikawa narukaruka kama niko kwenye barabara ya vumbi. Laoban akamwita mkewe aje aone. Mke wangu akageuka akawa anaisoma kengele kama vile ina maandishi.

"Mzee, mimi naenda ofisini. Sipeleki mkaa."

"Siku moja utanishukuru."

Ndivyo keria ilivyotoka stoo.

Kabla ya baiskeli, mke wangu alikuwa anapanda basi, na kwa foleni za asubuhi basi linatambaa, kwa hiyo alikuwa ananipigia simu njia nzima. Ananiambia nani amelala mdomo wazi, mama gani amepanda na mfuko wa samaki unaovuja juu ya kiatu cha mwenzake, konda wa kwenye kipaza sauti amemgombeza nani. Mimi naweka simu begani, naendelea kukagua zipu, nacheka. Kwa njia hiyo niliujua mji wote bila kutoa jasho.

Juu ya baiskeli huwezi kuongea na simu. Hilo halikuwemo kwenye maelezo ya mhasibu. Asubuhi zangu zikawa kimya, naisikia zipu inavyolia. Jioni alirudi amelowa jasho, macho yanang'aa, anakunywa maji amesimama. Kulikuwa na wenzake wa ofisini waliochukua mpango uleule, wakawa wanapanda pamoja, na hadithi alizonifikishia zilikuwa zimeshachekwa na wengine njiani. Ananianzia moja, anaiacha katikati: "Ah, ungekuwepo ungeelewa."

Nilimwonea wivu yeye. Halafu nikaionea wivu baiskeli. Ikafika mahali nikauona hata upepo unaompiga usoni una bahati.

Ndipo ikaja ile jioni. Mvua ilikuwa imekatika muda huo huo, uchochoro wetu unameta maji, pikipiki za umeme zinapishana kimyakimya kama kawaida yao. Nikamwona anaingia, amesimama juu ya pedali, anakandamiza, na nyuma yake, juu ya keria yangu, amekaa mhasibu. Amekaa upande, miguu ameibana pamoja, mkoba wa mke wangu ameupakata, kama bibi harusi anayepelekwa. Mkono mmoja ameshika chini ya siti. Sijui ulitaka ashike wapi, lakini mimi nilikuwa na maoni. Wote wawili wanacheka. Kwenye kona ya duka la matunda akashuka, akampa mkoba, akasema kitu, mke wangu akacheka tena, peke yake, mpaka alipofika mlango wa jengo.

Mezani nilianza kwa upole.

"Keria inaonekana ina nguvu."

"Ina nguvu kweli. Nilikuwa sijakushukuru."

"Leo ulibeba kilo ngapi?"

Akaweka kijiko chini. "Ahaa. Umechungulia."

"Sikuchungulia. Nilikuwa nakagua hali ya hewa."

"Ameteguka mguu kwenye ngazi za ofisi. Hawezi kukanyaga pedali, baiskeli yake ameiacha kazini. Namfikisha pale kwenye kona, kuna kituo cha basi la kwenda kwao."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi? Nikiingia tu unaniuliza kama nimefunga kufuli."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilinikera. Na mguu wenyewe ukawa mguu wa aina yake. Kesho yake kwenye keria, keshokutwa kwenye keria. Mimi nimewahi kuteguka mguu Shinyanga, nikakandwa maji ya chumvi, nikarudi mpirani. Huu wa kwake ulikuwa unapona kwa Kiswahili fasaha, taratibu. Nikamtumia ujumbe wa kiungwana: "Pole na mguu, ndugu yangu." Akanijibu: "Ahsante kaka. Dada anisaidia mno." Lile neno "mno" nilishinda nalo siku nzima. Nilifunga mzigo wa mteja wa Mwanza nalo. Angeandika "sana" labda nisingesema kitu.

Nikaanza kuishughulikia baiskeli kila ikifika. Naifuta, naitia mafuta, napima upepo, mke wangu anafurahi kwamba angalau nafika mpaka chini. Hajui kwamba akishapanda ngazi naiinamia keria na kuinusa kama mbwa wa forodha. Ilinuka mvua. Mara moja ilinuka samaki, nikapata matumaini, nikadhani mhasibu amebadilishwa na mzigo wa sokoni.

Mwishowe asubuhi moja, mke wangu akiwa bafuni, nilichukua spana nikashuka ngazi zote mbio bila kuitwa na mtu. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu ya mvua. Nikazing'ang'ania, mikono ikawa myeusi, jasho linanidondoka, na keria ikang'oka ikanipiga ugoko. Nilipoinua kichwa, mke wangu amesimama mbele yangu, kofia ngumu kichwani, mkoba begani.

"Unafanya nini?"

"Ilikuwa inalegea."

"Inalegea, au inakuuma?"

Nikajifanya natafuta nati chini.

"Kama ningekuwa na mtu," akasema, "ningempitisha chini ya dirisha letu, kila jioni, juu ya keria yako?"

"Sijasema una mtu."

"Umesema kwa spana."

Nilitegemea atafoka. Kufoka nakujua, kuna mahali pa kujificha mpaka kupite. Yeye akaegemeza baiskeli ukutani akaongea polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Tangu niipate hii baiskeli nimekuomba Jumapili ngapi twende mtoni? Baiskeli za kukodi ziko pale getini, unaskani, unapanda. Wewe mara una mzigo, mara jua, mara mvua. Siku moja uliniambia kuna upepo. Mume wangu, upepo? Nikaacha kukuomba. Uliona kwamba nimeacha?"

Sikuona. Nilijaribu kukumbuka Jumapili ya mwisho aliyoniomba, nikaikosa. Nilikuwa nimelinda kona ile ya matunda kwa jicho la askari, nanusa chuma, napima maneno ya watu kwenye simu, na jambo lenyewe lilikuwa limetokea hapa mezani kwetu, mbele yangu, bila mimi kulisikia. Kwa muda huo mhasibu sikumkumbuka hata kidogo.

"Leo nitachelewa," akasema. "Tutapitia mtoni." Hakusema yeye na nani, nami kwa mara ya kwanza sikuthubutu kuuliza. Akapanda baiskeli yake isiyo na keria, nyepesi kama alivyoitaka tangu mwanzo, akapinda kwenye kona bila kugeuka.

Nikapanda ngazi na chuma changu mkononi. Mlango wa jirani ulikuwa wazi, amekaa chini sakafuni katikati ya jinzi, anafunga furushi kwa selotepu. Nikasimama hapohapo.

"Mama, wewe uko Zhanqian kila siku. Mke wangu unamwonaje kule?"

"Namwona vizuri. Kwani amepotea?"

Nikamweleza yote, mguu, mkono wa chini ya siti, hata lile "mno". Yeye anavuta selotepu, inalia kraa, anazungusha, anavuta tena.

"Unamaanisha ule jamaa wa hesabu mwenye anachechemea?"

"Kumbe anachechemea kweli?"

"Si alianguka tukiona! Mambo ya ngazi na mvua. Nilicheka nikaona aibu."

Ningeweza kuishia hapo, nikashukuru, nikaingia kwangu. Lakini nilibaki nimesimama, keria inanichafua suruali, mpaka likanitoka lile nililokuja nalo.

"Sasa ataniacha?"

Akaikata selotepu kwa meno. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

"Huyo mwanamke hajapata mtu, shemeji, amechoka na wewe. Enda uoge, uvae viatu, umfuate huko kazini saa hii, na uwache kunisimamia kwa mlango nikifanya kazi."