Mashine Iliyojisikiliza

Viatu tuliviacha mlangoni. Ndiyo ilikuwa sheria ya chumba cha kompyuta katika shule ya binafsi ya Mandewa nilikofundisha Kiingereza, miaka ile ambayo kila mfanyabiashara wa Singida alitaka kuwa na shule yake. Madirisha hayakufunguliwa, kwa ajili ya vumbi. Mashine zilifunikwa vitambaa vilivyodariziwa maua, kama makochi ya sebuleni. Kisha mausi moja ikaibiwa, na mwenye shule akaamuru mlinzi atufungie kwa nje mpaka kipindi kiishe. Nikawa nafundisha na soksi, jasho likinitiririka, baada ya kusikia kufuli likibanwa nyuma yangu.

Ndani ya mashine mlikuwa na programu ya matamshi. Sauti ya mwanamke wa Kizungu ilisema sentensi, mtoto akairudia kwenye maikrofoni, kisha alama ikatokea kwenye kioo: kijani umepatia, nyekundu umekosea. Kwetu ilikuwa nyekundu tu.

"Imekukataa!" watoto walichekana. "Rudi kwenu ukachunge!"

"Mwalimu, jaribu wewe."

Nilijaribu. Nyekundu. Darasa zima likanyamaza, na afadhali wangecheka.

Ningeweza kumweleza mwenye shule ukweli, kwamba nina kidato cha nne na kozi fupi ya ualimu, na kwamba hata mimi yule mwanamke simwelewi vizuri. Lakini binti yangu alisoma pale bure kwa sababu ya kazi yangu. Nikitoka mimi, naye anatoka, anarudi shule ya serikali ya Unyambwa kukaa sakafuni na kugombea kitabu. Nikafunga mdomo.

"Mwalimu, Ijumaa wazazi wanakuja," mwenye shule akaniambia. "Nataka waione hiyo kijani. Sikuleta vitu hivi kutoka Dar viwe mapambo."

"Wataiona, bosi."

Jioni ile nilibaki nikihangaika na nyaya. Maikrofoni ya mashine moja ilikuwa imelala karibu na spika ya mashine ya pili. Ile ya pili iliposema sentensi, ya kwanza ikawaka kijani. Nikarudia. Kijani tena. Zilikuwa zinaelewana zenyewe kwa zenyewe.

Ijumaa nilimweka binti yangu mbele ya mashine ya kwanza, kwa kuwa yeye hatanisema. "Wewe chezesha midomo tu, mama," nilimwambia. "Usitoe sauti." Mimi nikasimama nyuma yake, mkono kwenye mausi ya mashine ya pili. Nikabonyeza. Kijani. Wazazi, waliorundikana mlangoni bila viatu, wakapiga makofi.

"Huyu kaongea kama Mzungu kabisa!" mama mmoja akasema. "Mwalimu, na wangu mfundishe hivyohivyo."

Nilidhani yameisha. Kumbe kila mgeni aliyefika shuleni aliletwa kwenye chumba kile, na kila mara aliitwa mtoto yuleyule. Tukiwa njiani binti yangu aliniuliza kwa Kinyaturu, "Baba, na leo nisitoe sauti?" Nami nikajibu, "Usitoe." Sikuwa na jibu lingine ambalo lisingemtoa shuleni. Katika vipindi vya kawaida nako aliacha kunyoosha mkono. Nililiona hilo. Nikajiambia ni aibu za kukua.

Alipomaliza la saba nilimpeleka kwenye usaili wa sekondari moja ya bweni. Nilingoja nje. Baada ya muda mwalimu wa kike akafungua mlango.

"Shikamoo mzee. Samahani, mtoto huyu ana tatizo la kuongea?"

"Marahaba. Hana."

"Basi ingia, labda akikuona atatulia."

Nikaingia. Yule mwalimu akamuuliza tena kwa Kiingereza, polepole, swali ambalo hata mimi nililielewa: anaishi wapi na nani. Binti yangu akageuka kunitazama. Midomo yake ikaanza kucheza, vizuri kabisa, kama tulivyozoea, bila sauti hata kidogo. Macho yake hayakuwa usoni kwangu. Alikuwa anautazama mkono wangu, akisubiri nibonyeze.