Shingo ya Panya

Panya alichomoka kwenye gunia la kahawa, mama akamkosa kwa mchi. Nilimkamata mkia, nikambana kisogo sakafuni kwa penseli, nikavuta. Shingo ikalia ka! Damu ikamtoka puani.

Baba alikuwa ameketi mlangoni, uvimbe wa saratani umemjaa shingoni. Kesho yake tungeteremka Moshi tupande basi la Dar, akapigwe mionzi.

“Umejifunza wapi kuua hivyo?”

“Chuoni, Ulaya.”

Nilikuwa nimerudi kijijini Uru likizo, na jinsi wazazi walivyonitazama iliniudhi. Nikafoka kwamba bila panya wa maabara hakuna ambaye angejua kiasi cha mionzi cha kumponya mtu bila kumuua. Tunawapandikiza uvimbe pajani, tunawachoma mpaka ngozi inababuka, wengine wanakufa wakitetemeka.

“Na wanaopona?”

“Wapo wengi, baba! Uvimbe unayeyuka kabisa.”

“Nauliza, hao mnawafanya nini?”

Nilimtazama panya aliyening’inia mkononi mwangu.

“Hivi hivi. Lazima tuwapasue tuone ndani.”

Baba aliinua kola ya koti lake, akafunika shingo.